Hotuba ya Wanaokutana Alhamisi

Imesomwa mbele ya makutano na walimu siku ya Jubilei



Tangu asubuhi tumesikia habari nyingi za kutia furaha. Tumesikia jinsi kanisa la kwanza lilivyojengwa kwa miti na udongo, na jinsi watoto wa kwanza walivyojifunza kuandika kwa vidole juu ya mchanga. Majina ya walimu waliokwenda kwa miguu mpaka vijiji vya mbali yamesomwa, nasi tumesimama kwa heshima yao. Habari hizo ni za kweli, na ni haki kuzisimulia. Lakini katika daftari la kila mtaa yako majina mengine ambayo hayakusomwa leo, nayo yamepigwa mstari. Ni majina ya walimu walioondolewa kazini, ya waimbaji wasiokuja tena, ya akina baba waliouza shamba kipande kwa kipande, na ya akina mama waliofichwa ndani na jamaa zao ili wageni wasiwaone. Ukiuliza sababu, wazee huinamisha macho, kisha hujibu kwa sauti ndogo, "Ni pombe." Sisi ni watu wa mstari ule. Tumepewa nafasi ya kusema leo, nasi twashukuru sana.

Labda mtauliza kwa nini twasema "sisi" wala hatutaji jina la mtu. Sababu ni mbili. Ya kwanza, katika mkutano wetu ni desturi kwamba lisemwalo ndani, pamoja na jina lake aliyelisema, halitoki nje. Ya pili, hakuna hata mmoja wetu aliyeacha pombe peke yake. Kila mmoja alijaribu peke yake kwanza, akashindwa. Basi neno "mimi" halitutoshi kusimulia habari hii. Hotuba hii tumeiandika pamoja, watu tisa, tukiisahihisha kwa Alhamisi nne. Yule anayeisoma ameridhia mwenyewe uso wake uonekane; naye alichaguliwa kwa kuwa sauti yake ni kubwa, si kwa wema wowote unaowapita wenziwe.

Neno tunalotaka kulisema ni moja: mtu anayetaka kuacha pombe aufikieje mkutano wa wenziwe walioiacha? Laonekana neno dogo, kama kumwelekeza mgeni njia ya kwenda sokoni. Walakini sisi tumeona mtu akifa kwa ajili ya neno hilo dogo, nasi tulikuwa na sehemu yetu katika hatia ile. Tutawasimulia mahali pake.

Kwanza yafaa tuseme ni mtu gani tunayemnena. Pombe si kitu kigeni katika nchi hizi. Uchagani mbege ya ndizi na ulezi hunywewa arusini na matangani. Iringa na Njombe ulanzi hugemwa katika mianzi wakati wa mvua. Pwani watu hugema tembo la mnazi. Na mahali pengi gongo hupikwa kwa siri. Tena ilikuwapo ile mifuko midogo ya pombe kali iliyoitwa viroba, ambayo hata mtoto aliweza kuinunua kwa senti alizopewa za daftari, mpaka serikali ya Tanzania ilipoipiga marufuku mwezi wa Machi 2017. Wako watu wengi wanaokunywa kikombe kimoja arusini, wakaaga, wakaenda zao. Hao hatukuja kuwahukumu, wala hatuna ugomvi nao.

Sisi twamnena mtu mwingine. Twamnena yule ambaye akionja kikombe cha kwanza hajui cha mwisho kitakuwa kipi. Ameahidi mbele ya mkewe, mbele ya padre, na mbele ya kaburi la mama yake, na kila mara alikuwa akisema kweli, na kila mara ameivunja ahadi. Asubuhi hunywa ili mikono yake itulie apate kushika chaki. Huficha chupa ndani ya gunia la mahindi, kisha husahau ni gunia lipi. Huulizwa alilolifanya usiku, naye hajui, hucheka tu pamoja na wanaocheka. Mtu huyo watu humwambia, "Jitie moyo, uache." Ni kama kumwambia mwenye homa, "Jitie moyo, upoe."

Waganga wa siku hizi wauhesabu ulevi wa namna hii kuwa ni ugonjwa. Shirika la Afya la Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 2.6 duniani walikufa kwa sababu ya pombe. Lakini msidhani kwamba kuuita ugonjwa ni kumwondolea mtu wajibu wake. Mwenye kifua kikuu hakuchagua kuugua, lakini kwenda kuchukua dawa na kuimeza kila siku ni juu yake. Hali kadhalika sisi. Hatukuchagua ugonjwa, ila kwenda mkutanoni ni juu yetu.

Sasa, mkutano huu ulianzaje? Twaomba mtuvumilie tuwasimulie, maana habari yenyewe ni habari ya mtu aliyetafuta mkutano ambao bado haujakuwako.

Palikuwa na mtu wa New York, katika nchi ya Marekani, jina lake Bill Wilson, na kazi yake ilikuwa katika biashara ya hisa za makampuni. Pombe ilimharibia kazi na nyumba, akalazwa hospitali mara kadhaa, hata mwezi wa Desemba 1934 akanywa mara ya mwisho. Kwa miezi iliyofuata aliwatafuta walevi wengine awasaidie. Hakuna hata mmoja wao aliyeacha. Lakini yeye mwenyewe alitambua kwamba muda ule wote hakunywa. Mwezi wa Mei 1935 alisafiri mpaka mji wa Akron, katika jimbo la Ohio, kwa shauri la biashara, na shauri lile likavunjika. Akabaki hotelini peke yake, fedha zake chache, moyo wake umepondeka. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na baa, naye aliwasikia watu wakicheka mle. Upande wa pili palikuwa na simu, na ubaoni orodha ya makanisa ya mji ule.

Basi akaiendea orodha. Akapiga simu kwa mchungaji mmoja, jina lake Walter Tunks, akamwambia kwamba yeye ni mlevi mgeni, naye anatafuta mlevi mwingine apate kusema naye. Fikirini, ndugu, kama simu ile ingelia katika nyumba ya mmoja wetu! Lakini mchungaji yule hakumkemea, wala hakusema, "Si kazi yangu." Alimpa majina ya watu wa kuwaulizia, na kwa njia hiyo akamfikia mama mmoja, Henrietta Seiberling, naye alimjua tabibu wa upasuaji aliyekuwa akiangamia kwa pombe, Daktari Robert Smith. Jumapili, tarehe 12 Mei, wawili hao wakakutana katika nyumba ya mama yule saa kumi na moja jioni. Daktari alikuwa amesema kwamba atakaa robo saa tu. Akaondoka saa tano ya usiku imekwisha kupita.

Ni kitu gani kilichomweka? Watu wengi walikuwa wamemwonya kabla ya siku ile, nao walikuwa watu wema na wenye elimu. Huyu alikuwa wa kwanza kumsimulia ugonjwa kutoka ndani yake, wala hakumwonya. Alimwambia tu kwamba anamhitaji ili yeye mwenyewe asinywe.

Wala daktari hakupona siku ile. Baada ya majuma machache alisafiri kwenda mkutano wa matabibu, akarudi amelewa. Wenziwe hawakumtupa. Tarehe 10 Juni 1935 ndiyo inayohesabiwa kuwa siku aliyokunywa mara ya mwisho, na kuwa ndiyo mwanzo wa chama. Kisha wawili hao wakaenda hospitali kumtafuta wa tatu, wakampata. Mwaka 1939, walipokuwa kama watu mia, walichapisha kitabu, nacho kikawapa jina lao: Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiotajwa Majina, na kwa kifupi A.A. Mwaka ule ule mtawa mmoja wa Akron, Sista Ignatia, pamoja na Daktari Smith, alianza kuwapokea walevi katika hospitali ya St. Thomas ili watibiwe kama wagonjwa wengine. Leo mikutano ya A.A. iko katika nchi zipatazo 180, na Kenya na Tanzania zimo.

Tazameni basi. Mtu mmoja aliuliza, mchungaji mmoja akajibu, na mama mmoja akafungua nyumba yake. Lau ungalikosekana mmoja katika hao watatu, mkutano usingalikuwako.

Mtapenda kujua mkutano wenyewe ulivyo, kwa maana wengi wauogopa kwa kutoujua. Huchukua saa moja, au saa moja na nusu. Ni viti tu, na mara nyingi chai. Mmoja huongoza, na uongozi huzunguka. Kila atakaye husema habari zake mwenyewe: alivyokuwa, lililotokea, na alivyo sasa. Asiyetaka kusema hunyamaza, wala haulizwi. Mtu akisema, hajibiwi, hahojiwi, wala hapewi mashauri asiyoyaomba. Hakuna ada. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya chai na kodi ya chumba, na asiye na kitu hukipitisha kwa jirani. Hakuna daftari la mahudhurio, jambo ambalo liliwatia wasiwasi sana walimu miongoni mwetu. Sharti la kuingia ni moja tu, yaani kutaka kuacha pombe. Kwa hiyo, ijapokuwa twakutana katika chumba cha misheni, miongoni mwetu wako Waislamu, wako Wakristo wa madhehebu mengine, na yuko mmoja ambaye asema wazi kwamba haamini, naye ndiye hufika wa kwanza na kupanga viti.

Iko mikutano ya namna mbili. Mmoja huitwa wa wazi, na hata jamaa, au mwalimu, au padre aweza kuketi asikilize. Wa pili ni wa ndani, kwa wale tu wenye ugonjwa huu. Tena ziko hatua kumi na mbili ambazo mtu huzipitia polepole, akisaidiwa na mwenziwe aliyemtangulia, nasi mtu huyo twamwita mlezi. Mlezi si mkubwa wa mtu. Ni yule ambaye waweza kumpigia simu saa nane za usiku kiu ikikushika.

Wako wanaouliza kama jambo hili lafaa kweli, au ni maneno ya kufarijiana tu. Mwaka 2020 wataalamu watatu walikusanya pamoja uchunguzi 27 uliohusu watu zaidi ya 10,000. Waliona kwamba mafundisho yanayomwongoza mtu kuingia A.A., yakifanywa kwa utaratibu, huwafikisha watu wengi zaidi kwenye kuacha kabisa kuliko njia nyingine zilizolinganishwa nayo, na katika mambo mengine hazizidiani sana. Haponyi kila mtu. Katika wale waliokuja kwetu, wengi hawakurudi, nasi twawakumbuka. Lakini si maneno matupu.

Sasa tuseme njia ya kuufikia.

Neno la kwanza ni hospitali. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafula peke yake chumbani, kwa kudhani kwamba huo ni ushujaa. Katika saa chache huanza kutetemeka na kutoka jasho. Ndani ya siku mbili aweza kushikwa na degedege kama la kifafa. Na kati ya siku ya pili na ya nne aweza kuchanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwapo, moyo ukaenda mbio, akafa. Ziko dawa za kuzuia hayo, na waganga wanazijua. Basi na apelekwe hospitali kwanza, naye aseme kweli ni kiasi gani amekuwa akinywa, pasipo kupunguza kwa aibu. Mkutano utamngoja.

Neno la pili ni kuuliza. Wazee walisema kwamba kuuliza si ujinga. Uliza hospitali ya wilaya au ya mkoa, pale wanapotibu magonjwa ya akili, uliza afisa wa ustawi wa jamii, uliza padre. Katika miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam mikutano iko. Aliye na simu ya intaneti aweza kutafuta habari za A.A. za nchi yake. Tena tangu mwaka 2020, Korona ilipofunga milango, mikutano mingi ilihamia katika simu, na mingi ingaliko, hata mtu wa kijiji cha mbali aweza kuketi chini ya mwembe wake akawasikia wenziwe.

Neno la tatu ni kuhakikisha kabla ya kwenda. Saa hubadilika, na chumba hubadilika, na karatasi ukutani hukaa miaka baada ya mkutano kwisha. Piga simu. Uliza mambo manne: siku na saa; mlango ni upi hasa; ni mkutano wa wazi au wa ndani; na watu husema kwa lugha gani, maana katika miji mingine husema Kiingereza, na mtu aliyelewa kwa Kiswahili yafaa apone kwa Kiswahili.

Neno la nne ni kwenda mapema, na kwenda na mtu mara ya kwanza, ijapokuwa mtu huyo atangoja nje. Njia ya kwenda mkutanoni mara nyingi hupita mbele ya kilabu, na mguu una mazoea yake.

Neno la tano ni kutouhukumu mkutano kwa siku moja. Yamkini siku ile msemaji ni mtu wa maneno mengi, au chumba kina joto, au umemwona mdai wako. Nenda tena. Na kama ule haukufai, tafuta mwingine.

Neno la sita ni tahadhari. Mkutano wa kweli haudai fedha, haumfungi mtu, haumpigi, wala haumshurutishi kutupa dawa alizopewa na mganga. Ukiona hayo, jua kwamba umefika mahali pengine.

Na kama mahali penu hakuna mkutano hata kidogo? Basi ni hali ile ile ya Akron. Wawili au watatu wanaotaka kuacha wakikutana kwa ajili hiyo, mkutano umekwisha kuwako. Sisi tulianza wawili. Mmoja alikuwa mwalimu aliyeondolewa kazini. Alitafuta mkutano miaka miwili. Mara ya kwanza alielekezwa mahali, akaukuta umehama. Mara ya pili alimkuta mlinzi wa mlango aliyemwambia mbele ya watu kwa sauti kuu, "Walevi? Hapa hakuna walevi!" Akarudi, akanywa miezi saba. Mara ya tatu alipanda gari tangu alfajiri, akafika mji mkubwa, akaukuta mlango, akasimama nje hata mkutano ukawa karibu kwisha. Mzee mmoja akatoka kutema mate, akamwona, akasema, "Karibu, mwanangu. Kiti kipo." Hakumwambia neno jingine. Mwalimu yule aliporudi kwao, hakuwa na nauli ya kwenda kila juma; basi akamtafuta mlevi mwenziwe, dereva wa lori, wakaomba chumba cha tatu katika nyumba ya zamani ya shule. Huo ndio mwanzo wetu.

Sasa twaja kwenye hatia yetu, nayo hatutaki kuipamba.

Katika mwaka wetu wa tatu, chumba chetu kilitakiwa kwa mitihani ya watoto. Tulikubali kwa furaha, tukahamia nyuma ya zahanati kwa majuma matatu. Sisi tulijua. Tuliambiana. Lakini hatukubandika karatasi mlangoni, wala hatukumwachia mtu neno, kwa maana kila mmoja wetu alikwisha kujua, na tulikuwa tumeanza kujiona kwamba sisi ndio mkutano. Alhamisi ya pili alikuja mtu kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto. Watoto wa shule walimwona ameketi chini ya mwembe tangu saa kumi mpaka giza lilipoingia, amevaa koti lake la arusi. Mmoja wa watoto akamwuliza amngoja nani. Akasema, "Nangoja wale wa Alhamisi." Kisha akaondoka.

Hakurudi tena. Wakati wa mvua tulisikia kwamba amekufa, ameokotwa kando ya njia. Mjane wake alikuja kwetu baadaye, si kutulaumu, bali kuuliza kama ni kweli kwamba alifika, maana watu walimwambia kwamba siku ile alikwenda kunywa. Tukamwambia, "Alifika, mama. Sisi ndio hatukuwapo." Akalia, akasema, "Basi alikwenda kweli." Neno hilo tu ndilo alilolitaka.

Hatusemi kwamba angalipona. Mungu ndiye ajuaye. Twasema kwamba alifanya yote yaliyompasa: aliuliza, akaambiwa mahali, akavaa, akaenda, akangoja. Sehemu iliyobaki ilikuwa yetu, yaani mlango uwe wazi. Tangu siku ile tumejiwekea kanuni, nayo imeandikwa ukutani. Mlango haubadilishwi. Na ikibidi ubadilishwe, mmoja wetu ataketi penye mlango wa zamani kila Alhamisi kwa miezi mitatu, mvua inyeshe au isinyeshe. Tumeifanya hivyo mara mbili tangu hapo. Mara ya kwanza hakuja mtu. Mara ya pili alikuja mama mmoja. Naye yuko hapa leo, katikati yenu, na chai mtakayokunywa jioni ameipika yeye.

Basi tuna maombi machache kwenu, na kwisha.

Mapadre na wazee wa mitaa, twaomba chumba, na kama chaweza kupatikana, kisiwe mbele ya uwanja ambapo kila aingiaye huonekana. Twaomba karatasi moja penye ubao wa matangazo, yenye siku na saa na mlango, na mtu mmoja wa kuisoma kila mwezi ahakikishe kwamba ingali kweli. Tangazo la uongo ni baya kuliko kutokuwa na tangazo. Tena twaomba msimtaje mtu kwa jina mimbarani, hata kwa kumsifu kwamba ameacha. Maana akianguka kesho, ataanguka mbele ya watu wote. Na yule anayekiogopa kikombe cha Komunyo asilazimishwe kueleza mbele ya wengine. Aweza kupokea mkate peke yake, na padre akajua kwa siri.

Walimu, ninyi mwawaona watoto kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtoto anayesinzia kila Jumatatu, au anayekataa kurudi nyumbani, pengine ndiye alindaye mlango usiku baba asije na panga. Msimpige kwa kusinzia. Na mmoja wenu akianza kunukia pombe asubuhi, msimfunikie mwaka mzima mkidhani mwampenda, kisha mkamshitaki siku moja mkidhani mwatenda haki. Mwendeeni mapema, wawili, mkamwambie mlilolionea, na kumwonyesha mlango. Tena jamaa za walevi wanao mkutano wao, uitwao Al-Anon, ulioanzishwa Marekani mwaka 1951 na wake wa watu wa namna yetu. Maana anayekaa na mgonjwa huyu naye huugua kwa njia yake.

Ninyi nyote, katika sikukuu kama hii, pamoja na vinywaji vingine wekeni togwa, na chai, na maji, mahali pa mbele, wala msimwulize mtu kwa nini amechagua hivyo.

Na wewe ambaye umeketi nyuma, na mikono yako umeiweka mifukoni ili isionekane inavyotetemeka: hatukutazami, wala hatukujui. Lakini twakungoja. Ukiondoka hapa, usiende nyumbani kwanza ukafikiri. Pita zahanati, sema kweli. Kisha njoo. Ni chumba cha tatu, nyumba ya zamani ya shule, mlango wa upande wa mwembe, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni. Na ukikuta mlango umefungwa, usiondoke. Tazama chini ya mwembe, mmoja wetu ameketi pale.